Somo Halishiki kwa Kengele ya Alfajiri

Asafiriye kutoka Kisii kuelekea Nyamira saa kumi na moja alfajiri hukutana na watoto waliovaa sare, mikoba mgongoni, wakipita gizani kando ya mashamba ya majani chai. Kwenye mabweni nako kengele imekwisha kulia. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Lakini ni mwalimu mkuu gani atakayethubutu kuwaacha wanafunzi walale ilhali taa za shule jirani zinawaka?

Watetezi wa desturi hii hushikilia kwamba akili hunasa kinachorudiwa. Hawakukosea kabisa. Kosa lao ni kudhani kuwa kazi ya kukumbuka humalizika mwalimu afutapo ubao.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, akiwemo Robert Jensen wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois, walitangaza matokeo ya kustaajabisha. Waliwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa kifuani, chini ya ngozi, chombo kinachopeleka umeme hafifu kwenye neva ya vagasi, ile itokayo ubongoni ikapitia shingoni hadi moyoni na tumboni. Wagonjwa walisoma vifungu vyenye maneno yaliyotiwa alama, kisha neva ikachochewa. Walipopimwa baadaye, waliyatambua maneno mengi zaidi. Zingatia, msomaji, kwamba umeme ulikuja baada ya kusoma. Tena uliosaidia ulikuwa wa kiasi. Ulipozidishwa nguvu, faida haikuonekana.

Naam, ya kiasi! Mtu akishtuka kidogo au akifurahi, neva hiyo hupeleka habari ubongoni, na ubongo huelewa kuwa lililotokea punde lastahili kuhifadhiwa. Mshtuko wa kupita kiasi ni jambo jingine. Mwalimu ambaye bado anashika kiboko, kilichopigwa marufuku nchini mwaka 2001, huenda akadhani anachochea kumbukumbu, kumbe anachochea hofu.

Sisemi shule zitafute mitambo. Vyombo hivyo huwekwa kwa upasuaji, na ni vya wagonjwa. Wala Wagusii si wageni wa mambo ya kichwa: omobari omotwe, mpasuaji wa jadi, aliukwangua mfupa wa fuvu polepole, akijihadhari asiuguse utando unaofunika ubongo. Mzee yule, pasipo darasa la chuo kikuu, alijua mahali pa kuuzuia mkono wake.

Shule zetu hazijui. Tangu mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kuwa waliolala baada ya kujifunza walikumbuka zaidi kuliko waliobaki macho. Usingizi tunaowanyang'anya watoto ndio unaoyakaza masomo ya jana. Tunawaamsha ili wajaze mtungi ambao sisi wenyewe tumeutoboa.

Nawaomba walimu wakuu wa Kisii na Nyamira wakubaliane, wote kwa pamoja, kuahirisha kengele ya alfajiri kwa muhula mmoja. Kila somo limalizike kwa dakika tano za swali moja zuri, mzaha kidogo au mjadala. Wazazi watanung'unika mkutanoni. Wasomewe kanuni za 2015, kisha waulizwe watoto wao hulala saa ngapi.