Nukta sita hazijapitwa na wakati

Kila nikiomba vitabu vya nukta nundu kwa ajili ya wanafunzi wangu, hakosekani mtu wa kuniambia: "Mwalimu, siku hizi si simu inasoma yenyewe?" Ananiambia kwa nia njema. Mimi mwenyewe sioni tangu utotoni, na simu hunisomea magazeti, hili likiwemo. Lakini sauti ya simu haimwonyeshi mtoto kibainishi kwenye ng'ombe, wala haimpi hesabu ya mafungu mstari kwa mstari akaipitia tena kwa kidole.

Wenye macho kutuamulia tusome nini, na kwa njia gani, hakukuanza na simu. Mwaka 1785 Valentin Haüy alifungua shule ya vijana wasioona jijini Paris. Alikuwa mtu mwema, simbezi. Vitabu vyake vilikuwa na herufi za kawaida zilizochomozwa kwenye karatasi, kubwa, nzito, za kupapasa moja moja. Mwalimu anayeona alizikagua bila shida. Mwanafunzi hakuweza kuandika nazo hata barua ya kwao.

Katika shule hiyo aliingia Louis Braille mwaka 1819, akiwa na miaka kumi. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi kijijini Coupvray. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu alijichoma jicho kwa kifaa cha kutobolea ngozi, uambukizi ukahamia jicho la pili. Shuleni alikutana na mfumo wa Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi: nukta hadi kumi na mbili kwa kila alama, zikiwakilisha sauti, bila tahajia. Alama ilizidi ukubwa wa ncha ya kidole. Kijana akazipunguza nukta zikawa sita, mbili kwa tatu, zenye michanganyiko 63. Kufikia 1824 mfumo huu wa nukta nundu ulikuwa umekamilika. Alikuwa na miaka 15. Akauchapisha mwaka 1829. (W haikuwemo, Kifaransa hakikuihitaji. Ikaongezwa baadaye, la sivyo sisi tusingeandika hata "mwalimu".)

Shule yake ilimlipa nini? Mwaka 1840 mkurugenzi mpya, Pierre-Armand Dufau, aliupiga marufuku mfumo huo. Wanafunzi wakaendelea nao kwa siri, maana wao ndio waliojua unachofanya. Marufuku ililegezwa miaka michache baadaye, lakini Ufaransa iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya Braille kufa kwa kifua kikuu.

Ndiyo maana hoja ya simu hainiridhishi. Nawaomba wanaopanga bajeti za elimu: kabla hamjafuta fungu la karatasi ngumu na mashine za Perkins za kuandikia nukta nundu, waiteni kwanza wanafunzi wasioona, muwasikilize.