Chupa ya Gazi Tunaiogopa, Sufuria Tunaisahau

Baba mfanyakazi, mama wa nyumba,

Hapa Ariwara nyumba nyingi zinapika bado kwa makala. Lakini jiko la gazi limeanza kuingia kwetu, na kila mara ninasikia maneno haya: "Gazi ni hatari, chupa itapasuka!" Kuogopa chupa si vibaya. Lakini watoto wengi walioungua niliowafunga vidonda katika dispansere hawakuunguzwa na chupa. Waliunguzwa na kitu kilichokuwa juu ya jiko: maji ya moto, mafuta, maharagi yanayochemka.

Jioni moja mama aliniletea mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa amegeuka kuchukua chumvi tu. Mpini wa kikaango ulitokeza nje ya jiko, mtoto akauvuta, mafuta yakammwagikia kifuani. Nyumbani walikuwa wamempaka dawa ya meno. Ilinibidi niiondoe yote kwanza, naye analia. Baba yake akafika toka kazini, kofia ya mgodi ingali kichwani, akaanza kumgombeza mama. Mtoto alipona, lakini kovu liko. Siku ile sikumjibu yule baba. Ninamjibu leo.

Baba, kazini hawakupi chombo kipya bila kukuonyesha namna ya kukitumia. Wewe ulinunua jiko, ukaliweka, ukaenda zamu. Nani alimfundisha mama? Nani alimfundisha binti anayepika mama akiwa sokoni? Usalama wa jiko ni kazi ya baba pia.

Mchimbaji anajua kusoma moto. Mwaka 1815, Humphry Davy wa Uingereza alitengeneza taa kwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Mwali wake ulipobadilika, walijua gazi mbaya ipo. Moto wa jikoni pia unasema. Wa bluu ni mzuri. Wa manjano, unaopaka sufuria masizi, hauungui vizuri na unaweza kutoa sumu isiyo na harufu. Uzime, fungua dirisha, kisha safisha matundu ya moto jiko likiisha kupoa.

Mshike haya:

1. Washa kibiriti kwanza, ndipo ufungue gazi.

2. Tumia moto wa nyuma kwanza. Mipini yote ielekee ndani.

3. Mwali usipite pembeni ya sufuria: unapoteza gazi na kushika nguo. Funga kikwembe vizuri.

4. Chakula kikifurika na kuzima moto, funga gazi, fungua mlango na dirisha, ngoja. Gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Usiwashe kibiriti, usiguse taa ya umeme.

5. Mafuta yakishika moto, usimwage maji, usibebe kikaango. Funga gazi, funika kwa kifuniko, ukiache mpaka kipoe.

6. Ukimaliza kupika, funga jiko, funga na robine ya chupa.

Mtu akiungua, mwagia pale palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala udongo. Funika kwa kitambaa safi, uje dispansere upesi.

Kazini, mkiona kamba imefungwa mbele ya mahali pa hatari, hakuna anayepita. Basi, jumapili hii, baba, chukua chaki. Chora mstari chini, hatua moja kubwa mbele ya jiko, uwaambie watoto: hapa hampiti. Kisha uwashe jiko wewe mwenyewe, mama na binti wakitazama, halafu nao wawashe ukitazama. Robo saa inatosha.

Kofia ya kazi inalinda kichwa chako. Mstari wa chaki utalinda mtoto wako.