Mashini ikikubipu, usikubali wafute diski

Hapa kwetu kila mtu anajua maana ya kubipu. Mtu hana uniti, anapiga simu mara moja na kukata, na wewe unajua kwamba ana neno. Kompyuta nayo inabipu. Unaiwasha, ekrani inabaki nyeusi, na ndani unasikia tiit, tiit, tiit. Maoni yangu ni haya: mlio huo ni neno. Mwenye mashini asilipe hata franga moja, wala asikubali mtu afute diski yake, kabla mlio huo haujahesabiwa mbele yake.

Jambo hili linagusa zaidi familia zilizohama. Katika mwaka 2024, watu wengi wa Kanyabayonga na vijiji vya jirani walikimbilia Lubero na Butembo. Mwenye mashini aliifunga ndani ya kitenge, akapanda nayo pikipiki, ikapigwa na mashimo na vumbi la njia. Ndani ya mashini kama hiyo mna nini? Mna kazi ya mwisho wa masomo ya mwanafunzi, picha za ndoa, picha za wazee waliokwisha kufa, kopi ya diploma, kopi ya hati ya shamba. Karatasi zenyewe zilibaki nyumbani, na nyumba haijulikani kama ingali imesimama. Kwa familia hiyo, diski ndiyo sanduku lililobaki. Anayeifuta bila sababu anawahamisha mara ya pili.

Sasa tuone mlio unatoka wapi. Kila ukiwasha mashini, kabla Windows haijaamka, programu ndogo inayoitwa BIOS, inayokaa kwenye kadi mama, inapita kukagua viungo kimoja kimoja. Rami ipo? Prosesa inajibu? Kadi ya picha iko tayari? Ikikuta shida kabla ekrani haijaweza kuonyesha kitu, haina mahali pa kuandika ujumbe. Basi inalia. Ni desturi ya zamani: tayari IBM PC ya mwaka 1981 ililia mara moja kwa kifupi kusema mambo yote ni sawa.

Angalia vizuri: wakati wa mlio huo Windows bado iko usingizini. Kwa hiyo kuformati diski na kuweka Windows mpya si dawa ya mashini inayolia na ekrani nyeusi. Fundi akikuambia, "Nimeformati, sasa inawaka," muulize kwa heshima: "Fundi, ili uweze kuformati, mashini ilipaswa kuwaka kwanza. Ni nini kiliifanya iwake?" Mara nyingi jibu litakuwa dogo sana: bareti ya rami ilikuwa imelegea, akaisukuma ikakaa. Kazi ya kweli ilikwisha hapo. Kufuta diski kulikuja baadaye, na wewe umelipia hasara yako mwenyewe.

Hesabu ya milio ni ya lazima sababu kila aina ya mashini ina lugha yake. Kwenye laptopu nyingi za Dell, milio 2 inasema rami haionekani, na milio 4 inasema rami ina kasoro. Milio 5 inasema betri ndogo ya saa imekwisha, ile ya mviringo kama sarafu, yenye volti 3. Lakini kwenye mashini yenye BIOS ya AMI ya zamani, milio hiyo hiyo 5 inasema prosesa ndiyo yenye shida. Tazama tofauti: huku betri ya bei ndogo, huku moyo wa mashini. Na kwenye BIOS ya Award, mlio mrefu 1 ukifuatwa na mifupi 2 unaelekeza kwenye kadi ya picha. Anayekisia bila kujua aina ya mashini anaweza kukuuzia prosesa mahali pa betri.

Ninajua mafundi watajibu nini. Watasema mashini nyingi za leo hazilii tena. Ni kweli, kadi mama nyingi zinauzwa bila spika ndogo ya kulilia. Lakini spika hiyo ni kifaa cha bei ndogo, na fundi anaweza kuwa nayo moja ya kuchomeka kwenye kila mashini ya mezani inayoletwa. Tena laptopu nyingi zinasema kwa taa: kwenye HP, taa ya Caps Lock inawaka na kuzima kwa hesabu. Taa pia inahesabika. Watasema vilevile kwamba mlio hautoi hukumu ya mwisho. Hata mimi ninakubali. Mlio unaonyesha mlango wa kubisha, na kinachofuata ni kujaribu, kuanzia kile kisichogharimu kitu.

Na kisichogharimu kitu ni hiki: zima mashini, chomoa waya, ondoa betri ya laptopu kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisichopakwa rangi. Toa bareti, pangusa vumbi, futa polepole miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa gomu safi ya mwanafunzi, irudishe mpaka ikae imara. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Lakini boksi la umeme la mashini ya mezani usilifungue, linaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwenu mafundi wetu: bandikeni ukutani hesabu za milio za mashini mnazopokea, washeni mashini mbele ya mwenyewe, na kama kuna ulazima wa kugusa diski, kopieni kwanza vilivyomo. Hilo litawaletea wateja, halitawafukuza. Na kwako mama, baba, mwanafunzi uliyefika hapa na mashini iliyonyamaza: rekodi mlio kwa simu yako, andika hesabu na jina la mashini kwenye karatasi, na chini yake andika kwa herufi kubwa: USIFUTE DISKI. Mpe fundi karatasi hiyo pamoja na mashini.