Beseni Si Taarifa ya Mapato na Matumizi

Ndugu zangu vijana, kuna mchezo umeingia kwenye mikutano ya watumia maji huko vijijini, na naona baadhi yetu wameanza kuupigia makofi. Mchezo wenyewe ni bahati nasibu. Njoo mkutanoni, andika jina, chukua namba, kaa usubiri kuitwa. Wa kwanza baiskeli, wa pili doti ya kitenge, wengine mabeseni na sabuni. Wenyewe wanasema ni kuhamasisha ushiriki. Mimi nasema ni kununua akidi.

Mwaka jana nilikaa kwenye mkutano wa namna hiyo mwanzo mpaka mwisho. Kwa muda mrefu mikutano ya kijiji kile ilikuwa inaahirishwa kwa sababu watu hawafiki. Siku hiyo uwanja ulijaa, maana mheshimiwa mmoja alikuwa ameleta zawadi. Ajenda ya nne ilikuwa mapato na matumizi. Bahati nasibu ikachezeshwa kabla yake, eti watu wachangamke. Baiskeli ikatoka, mabeseni yakatoka, na nusu ya uwanja ikatoka nayo. Majina yao yalibaki kwenye daftari la mahudhurio. Taarifa ikasomwa haraka haraka, mwenyekiti akauliza, "Tumepokea?" Waliobaki wakaitikia. Mama mmoja akanyoosha mkono kuulizia pesa za kutengeneza pampu. Akajibiwa, "Mama, kwani wewe beseni hujapata?" Watu wakacheka.

Jamani, kicheko kile ndicho kinachonisumbua. Maana yake ni kwamba ukishapokea, huna tena haki ya kuuliza. Na aliyekosa zawadi akiuliza, anaonekana ana wivu.

Sasa tupige hesabu, maana hawa wanapenda tuhesabu mabeseni tu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Hiyo ni lita 6,250 kwa siku, yaani ndoo za lita 20 zaidi ya 312. Tuseme ndoo moja ni shilingi 50. Kituo kimoja kinaingiza zaidi ya shilingi 15,000 kwa siku, karibu 470,000 kwa mwezi. Kijiji chenye vituo kumi, hapo unaongelea zaidi ya milioni nne na nusu kila mwezi! Kama maji hayatoki kiasi hicho, basi wananchi wana haki ya kujua kwa nini. Kama yanatoka, wana haki ya kujua pesa iko wapi. Kwa vyovyote vile, beseni halijibu swali.

Na wala jambo hili si jipya. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, wakatuambia ni ukarimu wa Kiafrika. Wanaharakati wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT na NOLA wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba. Bahati nasibu ya mkutano wa maji si kampeni, najua. Lakini tabia ni ile ile: mwenye nacho anatoa, asiye nacho ananyamaza. Takrima imebadilisha nguo tu.

Wapo watakaoniambia mkono mtupu haulambwi. Kwamba mama anaacha genge lake, kijana anaacha bodaboda, halafu arudi nyumbani hana kitu? Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu muda wa maskini ni pesa. Basi kama kuna chai, iwe ya wote, itoke kwenye fungu linalojulikana, wananchi waipitishe na iandikwe kwenye vitabu. Hiyo ni haki ya aliyetoa muda wake. Bahati nasibu inampa mmoja baiskeli na kuwaacha mia mbili na matumaini, na shukrani zote zinakwenda kwa mheshimiwa.

Tuache pia kusema wananchi ni wavivu wa mikutano. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji karibu na kila kaya ya kijijini ifikapo 1991. Mpaka leo kuna mama anaamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 imeleta RUWASA, na zile jumuiya za watumia maji zimekuwa vyombo vya huduma ya maji ngazi ya jamii. Jina limebadilika, mama bado anauliza pampu itatengenezwa lini. Mtu hasusi mkutano kwa kukosa sabuni. Anasusa kwa sababu aliyoyasema mkutano uliopita hayakufanyiwa kazi.

Na hapa niwaguse makamanda wenzangu. Nimesikia pendekezo kwamba na sisi tuchezeshe bahati nasibu ya bando na fulana ili matawi yetu yajae. Hivi kweli? Tutasimama na mdomo gani kumkosoa mwenye mabeseni? Kijana aliyekuja kwa bando la GB moja ataondoka siku mwenzetu wa upande wa pili atakapompa mbili.

Kwa hiyo popote ulipo, nenda kwenye mkutano ujao wa maji na mambo manne. Moja, mapato na matumizi yasomwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mbili, muhtasari wa mkutano uliopita usomwe na kila azimio lielezwe limefikia wapi. Tatu, taarifa ibandikwe pale watu wanapochotea maji, wasomane wenyewe. Nne, wakileta zawadi, zikae pembeni hadi maswali yote yajibiwe.

Wakikataa hilo la nne, utakuwa umeshajua zawadi zililetwa kwa kazi gani. Nyoosha mkono, uliza tena.