Mlima Peke Yake Haumjengi Mwendesha Baiskeli

Imani kwamba miguu ya mwendesha baiskeli hujengwa na baiskeli peke yake imeenea kila penye miinuko, na katika Milima ya Pare inashikiliwa kwa nguvu zaidi. Aliyezaliwa Msangeni, huko Ugweno wilayani Mwanga, huambiwa kuwa miguu anayo tayari, na kwamba akianza kunyanyua vyuma mapaja yatajaa na kasi itapotea. Yote mawili si kweli, na wanaolipia kosa hilo ni vijana wanaoupenda mchezo huu.

Kwanza, imani hiyo inachanganya nguvu na stamina. Mpandaji anayetoa wati 200, kiwango kisicho kidogo kwa asiye mshindani, huku akizungusha pedali mara 60 kwa dakika kwenye baiskeli yenye mkono wa pedali wa sentimita 17, husukuma kwa wastani nguvu inayokaribia uzito wa kilo 19. Msukumo unapofikia ukomo wake katika kila mzunguko, huwa takriban mara mbili ya hapo. Mtu wa kilo 65 anayepanda ngazi za nyumba huinua kilo zote 65 kwa mguu mmoja. Kinachomchosha mpandaji ni kuurudia msukumo mdogo maelfu ya mara, na hiyo ni kazi ya moyo na mapafu. Misuli huongeza nguvu inapobebeshwa mzigo ulio karibu na ukomo wake. Mwenye baiskeli isiyo na gia huukaribia ukomo huo kidogo, kwa kuwa husimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, lakini mwinuko ukizidi hushuka na kuikokota baiskeli.

Pili, na hili halisemwi kabisa, kuna suala la kuteremka. Anayeshuka Msangeni kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani, huuzuia mwili wake kwa mapaja katika kila hatua: misuli inarefuka huku imebeba mzigo, na mifupa inapokea kishindo. Kazi hiyo ndiyo iliyoikomaza miguu ya wazee wa Upareni. Anayeshuka kwa baiskeli huiachia breki kazi yote. Waendesha baiskeli wa barabarani wamepimwa mara nyingi na kukutwa na mifupa dhaifu ya mgongo wa chini, wakiwemo vijana wenye mapafu ya ajabu. Kijana aliyeacha kutembea akashika baiskeli amepoteza nusu ya kile mlima ulichowapa waliomtangulia, kisha anaambiwa hana anachokosa.

Hofu ya kunenepa mapaja nayo imegeuza mambo. Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson wa Marekani aliwafanyisha watu mazoezi ya uzito na ya stamina kwa pamoja kwa wiki 10. Stamina yao ilikua kama ya waliofanya stamina pekee. Nguvu ndiyo iliyokwama, kisha ikashuka wiki za mwisho. Kwa hiyo mazoezi ya stamina ndiyo yanayoibana faida ya uzito, si uzito unaoharibu stamina. Nchini Norwei, Bent Rønnestad na wenzake walichapisha mwaka 2011 matokeo ya waendeshaji waliobobea: walionyanyua uzito mkubwa mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12, waliongeza nguvu yao katika dakika 5 za mwisho baada ya saa tatu za kuendesha. Dakika hizo ndizo zinazoamua mbio. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mji wa vilima, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Kijana wa Ugweno anastahili kutamani mashindano kama hayo, na anayemwambia mlima umeshamkamilisha anamnyima nafasi hiyo.

Ukumbi wa vyuma si lazima. Dumu la lita 20 likijaa maji lina zaidi kidogo ya kilo 20. Kiroba cha mchanga hubebwa mabegani wakati wa kuchuchumaa, na mzigo ukiwa mwepesi kazi huhamishiwa mguu mmoja, kwa kupanda benchi au jiwe imara. Anayeanza hurudia mara 10 hadi 12 kwa mzigo wa wastani, kwa kuwa wiki mbili za mwanzo misuli huuma sana. Baadaye mzigo huongezwa na marudio hupungua hadi kati ya 4 na 8, seti tatu, na mapumziko ya dakika mbili au tatu.

Masika, njia za mlimani zinapoteleza, ndiyo majira ya kufanya hivyo mara mbili kwa wiki. Kiangazi kikirudi na safari ndefu zikaanza, mara moja kwa wiki hutosha kuitunza nguvu iliyopatikana. Kupanda kwa bidii kufanyike asubuhi na uzito jioni ya siku hiyohiyo, ili kesho yake iwe ya kupumzika kweli. Kubeba uzito leo na kupanda mlima kesho huharibu vyote viwili. Wiki ya mashindano, mzigo huwekwa chini siku tatu au nne kabla ya mbio.