Ujira wa mwalimu ni amana shingoni mwetu

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu wasomaji, Jumatatu ya tarehe 30 Julai 2012, tukiwa katika funga ya Ramadhani ya mwaka 1433 Hijria, Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kiliwaita wanachama wake nchi nzima kugoma. Walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofundisha katika mazingira magumu. Mazingira hayo sisi wa Kondoa, Bahi na Mpwapwa hatuhitaji kuelezwa. Bunge lilikuwa likijadili bajeti hapa hapa Dodoma, na huku watoto wetu wakienda shule na kurudi na madaftari matupu. Alhamisi ya tarehe 2 Agosti, Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliamua kuwa mgomo haukufuata utaratibu wa sheria, ikaamuru usitishwe.

Wazazi wengi tuliwalaumu walimu. Tulikuwa na haki kiasi, kwani Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba, na mtoto asiyefundishwa hakuwa mshirika wa ugomvi ule. Lakini mkataba una pande mbili. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na katika Hadith Qudsi iliyopokewa na Bukhari, Allah ametaja kuwa Yeye ndiye mgomvi, Siku ya Kiama, wa aliyemwajiri mtu, akamtumikisha barabara, kisha asimpe ujira wake. Mahakama yaweza kuusimamisha mgomo. Haiwezi kulifuta deni mbele ya Allah.

Hapa ndipo tunapopaswa kujitazama wenyewe. Ustadhi anayewafundisha watoto wetu Qur'an jioni hana chama, hana posho, wala hana mahakama ya kumsikiliza. Ada ya madrasa ndiyo ya mwisho kulipwa nyumbani, ikibaki chenji. Akinyamaza twasema ana ikhlasi. Akidai twasema anapenda dunia. Je, huku siko kupunja kulikokemewa katika Suratul Mutaffifin, mtu kutaka kipimo kamili apimiwapo na kupunguza apimapo yeye?

Mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (A.S.) alitaja muda, akataja malipo, na akasema hataki kumtaabisha. Nasi, kabla ya kuilaumu Serikali, kila familia imuulize ustadhi wake leo baada ya Swala ya Ijumaa: tunakudai elimu, je, wewe unatudai nini? Kisha tulipe.

Allah atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana. Amin. Wabillahi tawfiq.