Skrini inasema Kifaransa, nyumba inasikia Kiswahili

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, kitivo chetu kinakutana kusikiliza hotuba nzuri juu ya ukuu wa lugha hii. Mimi nataka kuzungumzia jambo dogo kuliko hotuba: maandishi yanayotokea kwenye televisheni ya nyumbani picha inapopotea. Maandishi hayo ni ya Kifaransa au ya Kiingereza, na katika nyumba nyingi za Lubumbashi mtu anayelipia televisheni hawezi kuyasoma vizuri. Hasara yake ni ya fedha. Anaita fundi, analipa usafiri na mkono wa kazi, na mara nyingi kasoro ilikuwa ya kumalizwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ninashikilia kwamba kuandika maelezo hayo kwa Kiswahili ni kazi yetu sisi wa lugha, na kwamba hatutaifanya vizuri tusipokwenda kwanza kuwasikiliza mafundi.

Nasema hivi kwa kuwa nimeona. Wakati wa likizo huwa namsaidia mjomba wangu, anayefunga na kutengeneza antena za satelaiti katika komini za Katuba, Kenya na Ruashi. Mimi hubeba ngazi na waya, yeye hupanda. Kisha nakaa mbele ya televisheni na kumpazia sauti namba ninazoziona. Kwa mjomba nimejifunza kwamba swali la kwanza la ufundi huu ni swali la lugha. Kabla ya kugusa chochote, anamuuliza mwenye nyumba: “Ni televizyo njo inasema, ao ni dekodere?”

Mwanafunzi wa isimu atalitambua swali hilo mara moja: nani msemaji? Ujumbe wa kusema hakuna signali unaweza kutoka kwa vyombo viwili tofauti. Ukitoka kwa dekoda, maana yake ni kwamba dekoda haipati kitu kutoka kwenye antena. Ukitoka kwa televisheni yenyewe, maana yake ni kwamba televisheni haipati kitu kutoka kwa dekoda: labda waya uliopo kati yao umelegea, au mtoto amebonyeza telekomandi na televisheni sasa inatazama tundu lingine. Maneno ni yale yale, msemaji si yule yule. Njia ya kupambanua ni rahisi: bonyeza kitufe cha menyu kwenye telekomandi ya dekoda. Menyu ikitokea, vyombo viwili vinasikilizana, na shida iko upande wa antena. Isipotokea, hakikisha kwanza kwamba dekoda imewaka, kisha badilisha tundu kwenye televisheni na kaza waya. Hakuna haja ya ngazi.

Mama mmoja wa Katuba alituita akiwa amekwisha kulipa abonema ya mwezi mara mbili. Aliona maandishi kwenye skrini, akadhani mwezi wake umekwisha, akaenda kulipa tena. Picha haikurudi. Mjomba aliingia, akauliza swali lake, akabonyeza kitufe kimoja, na picha ikatokea. Televisheni ilikuwa inatazama tundu lisilo na kitu. Mama alinitazama mimi, akijua ninasoma chuo kikuu, akasema: “Mwanangu, kama ingeandikwa kwa Kiswahili ningelipa mara mbili?” Sikuwa na jibu la kumpa, na nadhani kitivo chetu pia hakina.

Tuone sasa kwamba maelezo yanayotakiwa si marefu, lakini yanadai maneno sahihi. Dekoda ina ukurasa unaoonyesha mistari miwili, ambayo mafundi wa hapa huiita nivo na kalite. Nivo ni nguvu ya kinachorudi kupitia waya kutoka kwenye tete, yaani kile kichwa kidogo kilichosimama mbele ya sahani. Kalite inaonyesha kama kinachorudi ndicho dekoda inachokitafuta. Nivo ikiwa juu na kalite ikiwa sufuri, kwa kawaida waya na tete ni vizima, ila antena inatazama pembeni au inatazama satelaiti nyingine. Zote mbili zikiwa sufuri, usiiguse sahani: chunguza waya, fishi zake za ncha mbili, kisha tete. Mtu aliyeambiwa tu kwamba “signali haiko” huanza kuzungusha sahani iliyokuwa imeelekezwa vizuri. Baada ya hapo ana kasoro mbili badala ya moja.

Kuzungusha sahani si mchezo. Satelaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36 000, na zinazunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana kwetu zinaonekana zimesimama. Zimepangwa jirani, mara nyingi nyuzi 2 au 3 tu kati ya moja na nyingine. Kwa sahani yenye upana wa sentimita 80, ukingo ukisogea sentimita 2 au 3, picha imekwenda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba inatosha kutafsiri vitabu vinavyokuja ndani ya boksi. Maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya humwambia mtu aelekeze antena kusini, kwa sababu kwao ikweta iko kusini. Sisi tuko upande wa pili. Chukua satelaiti ya Eutelsat 16A, iliyoko nyuzi 16 mashariki. Lubumbashi iko karibu nyuzi 27,5 mashariki na nyuzi 11,7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo antena yetu lazima itazame karibu katikati kabisa ya kaskazini na magharibi, na iinuliwe kiasi cha nyuzi 71. Kinshasa, ambayo iko karibu chini ya satelaiti hiyo hiyo, antena hutazama juu karibu wima, kiasi cha nyuzi 85. Ushauri wa ndugu aliyeko Kinshasa haufai Katuba. Na anayetafuta satelaiti iliyoko nyuzi 36 mashariki atatazama kaskazini-mashariki. Tafsiri iliyo sahihi kwa sarufi inaweza kumpeleka mtu upande usiofaa kabisa.

Tena katika nyumba zetu si wengi wenye dira. Mjomba huwaeleza watu kwa jua: simama jua la asubuhi likiwa mgongoni, mkono wako wa kulia ni kaskazini, basi antena itazame kati ya mkono huo na mbele yako. Halafu anaongeza onyo ambalo sijaliona kwenye karatasi ya boksi lolote nililofungua: usiamini macho. Sahani nyingi tulizo nazo tete yake imewekwa upande wa chini, si katikati, hivyo sahani huonekana imesimama zaidi kuliko pale inapotazama kweli. Hayo yote yeye anayasema kwa Kiswahili cha Lubumbashi, bila kukwama.

Kuna ujumbe wa aina nyingine unaowapotezea watu fedha: ule unaosema kwamba chaneli imefungwa. Huo hauhusu antena hata kidogo. Unahusu abonema. Watu wengi wakishalipa huzima dekoda na kuwasha mara kwa mara wakidhani wanaiamsha. Kumbe ruhusa ya kufungua chaneli inakuja kwa njia ya satelaiti ile ile, kwa hiyo dekoda inapaswa kubaki imewaka, kwenye chaneli mojawapo, mpaka ruhusa ifike. Anayeizima anajichelewesha mwenyewe. Na wakati wa mvua kubwa, picha ikiganda na kuvunjika vipande vipande, mara nyingi hakuna kilichoharibika: matone ya mvua yanapunguza mawimbi yanayoshuka. Ngoja mvua ipite. Picha isiporudi baada ya mvua, shuku maji yaliyoingia kwenye fishi ya nje. Lakini chomoa kwanza dekoda kwenye umeme kabla ya kuigusa, kwa sababu dekoda ndiyo inayopeleka umeme kwenye tete kupitia waya huo huo, na uzi wa katikati ukigusana na wavu unaouzunguka unaweza kuunguza chombo. Na radi zikilia, mtu asipande juu ya paa.

Wapo watakaonijibu kwamba lugha ya ufundi nchini mwetu ni Kifaransa, na kwamba kila nyumba ina mtoto anayesoma. Ni kweli mtoto yupo, lakini si mtoto anayelipa, na si haki mzazi angoje mtoto arudi shuleni ili ajue chombo alichonunua kinamwambia nini. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inataja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa ambazo Serikali ina wajibu wa kuzikuza bila ubaguzi. Kukuza lugha ni pamoja na kuiingiza mahali ambapo watu wanapotezea fedha zao.

Wengine, hasa miongoni mwa walimu wetu ninaowaheshimu, watauliza ni Kiswahili gani. Tanzania na Kenya wana neno zuri, king'amuzi, lililoenea walipohama kutoka matangazo ya analojia kwenda ya dijitali. Limetokana na kung'amua, na linaeleza kazi ya chombo vizuri kuliko dekoda. Ninalipenda. Nchi yetu imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ni vema mwanafunzi wa kitivo hiki alijue neno hilo na alitumie katika insha yake. Lakini karatasi itakayobandikwa Ruashi ikianza na neno king'amuzi peke yake, msomaji atahitaji fundi wa pili wa kumfasiria Kiswahili. Maoni yangu ni kwamba neno la kwanza liwe lile ambalo fundi na mteja wanalo tayari: dekoda, tete, fishi, nivo, kalite. Maneno kama king'amuzi, nguvu na ubora yaandikwe pembeni yake, mara moja, ili msomaji ayazoee. Sanifu haitapungukiwa na kitu kwa kuingia nyumbani ikiwa imeshikwa mkono na neno la mtaani.

Ninachoomba kinawezekana bila bajeti kubwa. Kwanza, katika somo la istilahi au la tafsiri, kundi moja la wanafunzi litumwe kwa mafundi wa komini zetu kukusanya maneno ya kazi hii, na jinsi yanavyotumika ndani ya sentensi, si orodha kavu. Pili, kundi hilo liandike karatasi moja, upande mmoja tu, yenye ujumbe mitano inayotokea mara nyingi kwenye skrini. Ujumbe wenyewe ubaki kwa Kifaransa au Kiingereza kama mtu anavyouona, na chini yake Kiswahili kieleze unasema nini, nani anausema, na hatua gani ya kwanza. Tatu, karatasi ipelekwe kwa watu wasiosoma Kifaransa, wajaribu kuifuata mbele yetu bila sisi kuwasaidia. Wanapokwama, kosa ni la sentensi yetu, na turekebishe. Nne, kazi hiyo ipewe alama kama kazi nyingine yoyote, na ikiwezekana ikubaliwe kuwa kazi ya mwisho wa masomo. Lipo tatizo la kweli katika rafu za maktaba yetu: kazi zinazoorodhesha istilahi kwa bidii, ambazo hazijawahi kufika mkononi mwa mtu anayezihitaji.

Nilimuuliza mjomba kama karatasi hiyo haitamwondolea kazi. Akacheka. Alisema safari za kubonyeza kitufe kimoja zinamchosha na zinamletea ugomvi, kwa sababu mteja haoni kwa nini alipe kwa kazi ya dakika moja. Angependa aitwe pale tete imeungua au upepo umeisogeza sahani. Tena amekubali kukaa na wanafunzi siku moja na kujibu maswali yao, mradi waje na daftari na wasimsahihishe Kiswahili chake anapozungumza.

Mvua zitaanza karibu na Novemba, na simu za mafundi zitaanza kulia. Walimu wetu wakikubali, kundi la kwanza linaweza kwenda Katuba mwanzoni mwa muhula, na karatasi ikabandikwa kwenye vibanda vya kulipia abonema kabla ya mvua kubwa. Mimi nitabeba ngazi.